Gari la wagonjwa kati ya zamu na zamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu usafi na matengenezo

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya madereva, wauguzi na wahudumu wanaofanya kazi na magari ya wagonjwa ya hospitali za wilaya na vituo vya afya Tanzania. Mengi yatamfaa pia mwenzao wa Kenya au Uganda, maana Land Cruiser ni zile zile na vumbi ni lile lile. Hayachukui nafasi ya mwongozo wa Kinga na Udhibiti wa Maambukizi wa kituo chako wala kitabu cha gari. Yanajibu yale ambayo watu huulizana pale getini saa moja asubuhi, wakati zamu ya usiku inataka kwenda kulala na ya mchana ndiyo kwanza inaingia.

Kusafisha gari ni kazi ya nani? Dereva anasema ni ya muuguzi, muuguzi anasema ni ya dereva.

Ni kazi ya zamu inayotoka, wote wawili. Muuguzi ndiye anayejua mgonjwa alikuwa na nini, damu ilidondokea wapi, sindano ngapi zimetumika na kilichopungua kwenye begi ni kipi. Dereva ndiye anayejua gari lilivyolia kwenye kona, breki zilivyoshika na mafuta yaliyobaki. Kwa hiyo chumba cha mgonjwa kinasimamiwa na muuguzi, kibanda cha mbele na injini vinasimamiwa na dereva, na machela wanaishughulikia pamoja.

Mhudumu wa usafi wa hospitali anaweza kusaidia, ila asikabidhiwe gari peke yake bila kuambiwa kilichotokea ndani. Huyo ndiye anayekuja kuokota sindano kwa vidole.

Jambo moja husahaulika sana: dereva naye anahitaji glavu, mafunzo na chanjo ya homa ya ini B. Jina lake liko utawala, si kwenye orodha ya wauguzi, kwa hiyo chanjo ikija hakuna anayemwita. Dozi ni tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Dereva akaulize mwenyewe, asisubiri kuitwa.

Tuanzie wapi, tuishie wapi?

Fungua milango yote kwanza, hewa ipite. Vaa glavu nzito, aproni ya plastiki na mabuti. Toa taka: vyenye ncha kali kwenye boksi lake maalumu (likifika robo tatu, lifunge na uweke jipya, usishindilie), vilivyolowa damu kwenye mfuko wa taka zenye maambukizi, chupa za maji na karatasi za biskuti za ndugu wa mgonjwa kwenye taka za kawaida. Toa mashuka. Toa machela nje.

Kisha anza juu ukishuka chini, na kutoka mbele ukielekea mlango wa nyuma, ili usikanyage ulipokwisha kusafisha. Dari na kuta, kabati, mabenchi, mwisho sakafu. Usifagie kwa ufagio mkavu. Vumbi lile la barabarani limechanganyika na makohozi na damu iliyokauka, na ukilirusha hewani utalivuta wewe. Tumia dekio lenye maji na ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia.

Sabuni kwanza, klorini baadaye. Watu wengi hurukia Jik kwa sababu harufu yake inatuliza moyo, lakini klorini ikikutana na uchafu humalizia nguvu zake kwenye uchafu wenyewe kabla ya kuvifikia vijidudu. Panapoonekana safi ndipo inapofanya kazi.

Ni sehemu gani watu huzisahau?

Zile zinazoshikwa na mikono yenye glavu chafu. Mshikio wa mlango wa nyuma, bomba la kujishikilia darini, vifungo vya mikanda, vishikio vya machela, swichi za taa, kitasa cha mtungi wa oksijeni. Na mbele: usukani, gia, redio, kitufe cha king'ora, simu ya gari. Dereva anasaidia kumpakia mgonjwa, anapanda kuendesha na glavu zile zile, halafu baadaye anakula chapati kwenye usukani huo huo. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kubaki hai kwenye sehemu kavu kwa siku 7 au zaidi. Kanuni ni fupi: glavu zinavuliwa kabla ya kugusa mlango wa dereva, mikono inatakaswa, ndipo ufunguo unashikwa.

Jik kiasi gani kwa maji kiasi gani?

Kwa kutakasa gari tunatafuta klorini ya asilimia 0.5. Soma chupa. Jik ya asilimia 3.5 inachanganywa kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 5, ni kikombe 1 kwa vikombe 9. Hesabu yake: gawanya asilimia iliyo kwenye chupa kwa 0.5, kisha toa 1, na jibu ndilo idadi ya vikombe vya maji. Kwa klorini ya unga ya asilimia 70, weka gramu 7 hivi kwa kila lita, yaani takribani gramu 140 kwa ndoo ya lita 20.

Paka, acha dakika 10 pakiwa pamelowa, kisha futa kwa maji safi. Hatua hii ya mwisho si mapambo. Klorini inakula chuma, na magurudumu ya machela yanayokwama mara nyingi yameliwa na Jik ambayo haikusuuzwa. Mikanda ya usalama usiipake klorini kabisa kwa sababu inachakaza nyuzi. Ioshe kwa sabuni na maji.

Mchanganyiko wa jana umwage, tengeneza mpya kila siku. Na usichanganye Jik na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, wala na kitu chenye amonia. Moshi wake ni sumu, na ndani ya gari hakuna pa kukimbilia.

Si rahisi zaidi kupulizia kwa bomba la mgongoni na kufunga milango?

Ni rahisi, ndiyo maana hupendwa. Lakini matone ya kupulizia hayafiki nyuma ya kabati wala chini ya benchi, hayaondoi uchafu, na anayepulizia anavuta klorini. Kinachosafisha ni kitambaa na nguvu ya mkono. Shirika la Afya Duniani nalo halishauri kupulizia dawa kama njia ya kawaida ya kutakasa vyumba vya wagonjwa, na gari ni chumba kidogo kuliko vyote.

Vivyo hivyo maji ya presha ya pale kwa waosha magari: mazuri kwa tope la nje na chini ya gari, mabaya kwa ndani. Yanarusha damu na kuingiza maji kwenye nyaya.

Mama amejifungua njiani. Tufanyeje na sakafu?

Hapa usikimbilie dekio. Maji ya uzazi na damu ni mengi, na ukiyadeki utayasambaza hadi chini ya mabenchi. Funika kwanza kwa vitambaa au karatasi za kufyonza, mwagia klorini ya asilimia 0.5, subiri dakika 10, kusanya yote kwenye mfuko wa taka zenye maambukizi. Ndipo uoshe kwa sabuni, halafu klorini tena, halafu maji safi. Kondo la nyuma linakabidhiwa wodi ya wazazi likiwa kwenye chombo chenye mfuniko, ili wakunga walikague kama limetoka lote, kisha wao ndio walipeleke kwenye shimo lake. Lisisahaulike kwenye ndoo chini ya benchi.

Kagua mpaka zulia la plastiki lilipoungana na ukuta. Pale pakiachia, maji yanaingia chini na baada ya siku mbili tatu gari linanuka bila mtu kujua kwa nini. Fundi apazibe. Pafyumu ya gari si dawa.

Na kabla ya yote hayo, weka kifurushi kipya cha kujifungulia, na mfuko wa kumsaidia mtoto kupumua uwe na maski zake, namba 0 na namba 1. Mama mwingine hatasubiri sakafu ikauke.

Mimi ni dereva ngazi ya jamii wa m-mama, mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga. Gari langu ni la abiria, lina viti vya kitambaa. Haya yananihusu?

Yanakuhusu sana, kwa kuwa 115, namba ya kuomba usafiri huo wa dharura, ikipigwa na gari la kituo likiwa mbali, wewe ndiye gari la wagonjwa la usiku huo. Kinga kubwa kwako ni kabla ya safari. Nunua turubai jepesi au plastiki nene ya kufunika kiti cha nyuma na sakafu, liweke kwenye buti siku zote. Ukirudi, plastiki inaoshwa kwa sabuni na klorini. Damu ikifika kwenye kitambaa, ifyonze kwa kitambaa kikavu bila kusugua, kisha maji baridi na sabuni. Ya moto huigandisha. Klorini itababua kiti, itumie kwenye plastiki na vishikio tu. Acha milango wazi, kiti kikauke kabisa kabla ya kupakia abiria.

Taka zenye damu ziache kituo cha afya ulikomfikisha mama, waombe glavu na uoshe mikono hapo hapo. Usione haya. Umeleta mgonjwa wao.

Mgonjwa alikuwa na kifua kikuu. Jik inatosha?

Kifua kikuu kinasafiri kwenye hewa, kwa hiyo hapa dawa ya kwanza ni madirisha. Wakati wa safari yafunguliwe, mgonjwa avae barakoa ya kawaida, mhudumu avae N95, dirisha dogo linalotenganisha chumba cha mgonjwa na dereva lifungwe, na kiyoyozi kisizungushe hewa ile ile ya ndani. Mkifika, egesha gari milango yote ikiwa wazi, upepo upite, kabla ya kuanza kusafisha kama kawaida.

Na tukishuku Marburg au Ebola?

Huo si usafi wa kati ya zamu tena. Kagera imeshapitia Marburg mara mbili, mwaka 2023 wilaya ya Bukoba na mwaka 2025 Biharamulo, na Uganda ilikuwa na Ebola mwaka 2022 na tena 2025. Gari lililombeba mgonjwa anayeshukiwa linasimama pale pale, halirudi kwenye maegesho ya kawaida. Aliyekuwemo ndani asitoke kwenda nyumbani. Toa taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya au piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Gari litatakaswa na timu iliyofunzwa, yenye mavazi kamili, na kuvua mavazi hayo kunahitaji msimamizi anayeangalia kila hatua.

Ukijua mapema kwamba unakwenda kumchukua mgonjwa wa namna hiyo, toa nje kila kisichohitajika, mabegi, mablanketi, hata makaratasi. Kilichobaki ndani kitahesabiwa kuwa kimechafuka.

Godoro la machela limechanika kidogo. Tumelibandika plasta. Kuna shida?

Ipo. Plasta inanyonya. Damu inaingia kwenye sponji na hakuna klorini itakayoifuata huko. Godoro likichanika linafunikwa upya na fundi wa viti kwa ngozi ya plastiki isiyopitisha maji, na sponji iliyolowa inatupwa. Gharama yake ni ndogo kuliko safari moja ya dizeli kwenda hospitali ya rufaa. Wakati huo huo pima kufuli za machela: ipakie tupu, ifunge, itikise kwa nguvu. Ikichomoka ikiwa tupu, itachomoka na mtu juu yake.

Mashine tunazisafishaje bila kuziua?

Usimwagie wala kupulizia kitu. Lowesha kitambaa kidogo, kamua, futa. Spiriti ya asilimia 70 inafaa kwa kipimo cha oksijeni cha kidoleni, stetoskopu na nyaya, ila baadhi ya vioo vya mashine haviipendi, kwa hiyo fuata kitabu chake. Mkanda wa kupimia presha uoshwe, maana unafungwa mkononi kwa kila mtu.

Mashine ya kufyonzea makohozi: mwaga chupa, ioshe, itakase, irudishe ikiwa kavu, kisha iwashe na uzibe mpira kwa kidole gumba uone kama inavuta. Kuwaka taa hakuthibitishi kwamba inafyonza. Zote zichajiwe kwenye umeme wa hospitali mara gari linapofika, kwa sababu umeme wenyewe nao una zamu zake.

Nitajuaje oksijeni inatosha?

Kwa hesabu, si kwa kugonga mtungi. Zidisha ujazo wa mtungi kwa bar zinazoonekana kwenye geji. Mtungi wa lita 10 wenye bar 100 una takribani lita 1,000 za oksijeni. Mgonjwa akitumia lita 10 kwa dakika, zitaisha kwa dakika 100. Sasa fikiria safari yenu ya rufaa ni ya saa ngapi wakati wa masika, ongeza kuchelewa getini, na usipange kutumia hadi sifuri. Mtungi usiotosha safari ndefu kuliko zote mnazokwenda ubadilishwe kabla ya makabidhiano, hata kama "bado una kitu".

Usipake grisi wala oili kwenye kichwa cha mtungi kinachokaza, na usikishike kwa mikono yenye oili ya injini. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inaweza kulipuka moto. Dereva aliyetoka kukagua injini anawe kwanza. Mtungi ufungwe kwa mkanda wake, usilale chini ya benchi ukibingirika. Ile chupa ndogo ya kulainisha hewa imwagwe maji, ioshwe na kukaushwa baada ya kila mgonjwa. Maji yaliyokaa humo huwa bwawa la bakteria.

Dawa zikae ndani ya gari muda wote?

Si zote. Gari lililoegeshwa juani Dodoma au Tanga linageuka tanuri. Oksitosini inatakiwa kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hiyo ikae kwenye friji ya wodi na ichukuliwe kwenye kisanduku cha baridi safari inapoanza. Vipimo vya sukari navyo huharibika kwa joto na kutoa majibu ya uongo. Egesha kivulini, pua ya gari ikitazama njia.

Kwenye injini niangalie nini kila asubuhi?

Injini ikiwa baridi na gari likiwa pamenyooka: oili kwa kijiti chake, maji ya rejeta (usifungue mfuniko injini ikiwa moto), mafuta ya breki, mikanda, vichwa vya betri kama vina ukungu mweupe. Chungulia chini kama kuna kinachodondoka. Washa, sikiliza, kanyaga breki, jaribu taa zote, king'ora, na taa ya ndani ya chumba cha mgonjwa. Dizeli isishuke chini ya nusu tangi. Vituo vingi vya mafuta vya wilayani hufungwa usiku.

Kwa barabara zetu za vumbi, chujio la hewa ndilo linalonyanyaswa zaidi. Likiziba, gari linakosa nguvu mlimani na kutoa moshi mweusi, na watu huanza kulaumu pampu. Kichuja maji cha dizeli nacho kitolewe maji mara kwa mara. Kwa zile Land Cruiser ndefu zenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, kumbuka zina mkanda wa taimingi wa mpira. Ukikatika mgonjwa akiwa ndani, hakuna fundi wa kijijini atakayekusaidia. Ubadilishwe kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, na tarehe na kilomita ziandikwe kwa kalamu isiyofutika karibu na injini, maana madereva huhamishwa.

Tairi bado zina meno. Kwa nini fundi anasema nibadilishe?

Huenda amesoma umri wake. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mpira huzeeka hata ukiwa na meno, hasa kwa gari linaloshinda juani halafu linakimbizwa ghafla. Angalia nyufa. Upepo pima asubuhi kabla ya safari, usisahau tairi ya akiba, na jeki uijaribu mchana badala ya kuivumbua usiku kwenye tope.

Simu imeita tukiwa katikati ya kusafisha.

Mnakwenda, lakini si hivi hivi. Vya lazima ni hivi: taka zenye ncha kali zimetolewa, damu inayoonekana imeondolewa, machela na sehemu zinazoshikwa zimefutwa, shuka ni safi, oksijeni, mashine ya kufyonza na mfuko wa kupumulisha vipo. Yaliyobaki yaandikwe "hayajakamilika" na yamaliziwe mkirudi. Ikiwa mgonjwa aliyetangulia alikuwa na ugonjwa wa mlipuko, kipindupindu kwa mfano, gari halitoki bila kutakaswa. Liombwe gari jingine.

Tunaruhusiwa kubebea maiti, dawa kutoka bohari au vifaa vya mkutano?

Wote tumeshaona gari la wagonjwa limepakia viti vya plastiki. Kila mzigo ni mchubuko kwenye sakafu, kufuli ya machela iliyopinda, na gari lililo mbali pale 115 inapolia. Bohari ya Dawa na mikutano vina magari mengine. Mwili wa marehemu, kama hakuna njia nyingine na uongozi umeidhinisha, usafiri ndani ya mfuko wake, na gari litakaswe kama baada ya mgonjwa mwenye kuvuja damu. Neno "limeidhinishwa" liwe kwenye kitabu cha safari, lisibaki mdomoni.

Maji hakuna leo.

Weka akiba. Madumu mawili ya lita 20 yenye mfuniko, yameandikwa "GARI", yanatosha kwa usafi wa kawaida ukitumia ndoo mbili badala ya mpira. Yakiibiwa na wodi nyingine, na yataibiwa, yafungie kwa kufuli.

Fomu ya makabidhiano ina faida gani kama kila mtu anaweka tiki bila kuangalia?

Haina. Ndiyo maana anayeingia ndiye akague, si anayetoka, na wawe wamesimama wote garini. Badala ya tiki, andika namba: bar za oksijeni, kilomita, kiwango cha dizeli, tarehe ya kuisha muda ya dawa iliyo karibu zaidi. Namba ni ngumu kuizua, na ikizuliwa itaumbuka zamu inayofuata. Dakika 15 zinatosha watu wakizoea.

Nimeona kasoro, lakini nikiripoti gari litasimamishwa na wilaya haina jingine. Nani anaamua?

Dereva haamui peke yake, na asibebeshwe. Breki, usukani, tairi iliyochanika, taa za mbele usiku, machela isiyofunga: haya yanasimamisha gari, na anayetaka litembee aandike na asaini yeye. Kiyoyozi kibovu, kioo cha pembeni chenye ufa, rangi iliyobanduka: gari linaendelea, kasoro inaandikwa na siku ya matengenezo inapangwa.

Andika kwenye kitabu cha gari, tarehe na saa, kisha mpe taarifa afisa usafirishaji siku hiyo hiyo. Magari ya serikali hupitia TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme, au gereji iliyoidhinishwa, na bila maandishi hakuna ombi la matengenezo litakalopita. Gari likiwa gereji, zamu ipewe namba ya gari la kituo cha jirani na za madereva ngazi ya jamii walio karibu, zibandikwe ukutani pale simu ilipo.